Tvheadend na WinTV-dualHD: kurekodi runinga ya dijitali kwa kompyuta ya nyumbani

Ving'amuzi vingi vya antena vinavyouzwa Kenya vina tundu la USB na kitufe cha kurekodi, na kwa anayehifadhi mechi moja kwa mwezi hicho kinatosha kabisa. Anayetaka taarifa ya habari kila jioni, vipindi vya watoto vya asubuhi na tamthilia mbili zinazogongana saa atakwama mapema. King'amuzi cha kawaida kina kipokezi kimoja tu. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, kwa hiyo kipindi kirefu hukatwa vipande. Rekodi za baadhi ya ving'amuzi hazifunguki kwenye kifaa kingine chochote.

Kompyuta kuukuu inaweza kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi, ikipewa kipokezi kinachofaa na programu inayofaa. Seti tunayoipima hapa ni kipokezi cha USB cha Hauppauge WinTV-dualHD na programu huria ya Tvheadend juu ya mfumo endeshi wa Linux, kwa mazingira ya Kenya, yaani DVB-T2, kiwango cha runinga ya dijitali ya antena kinachotumika hapa. Maoni yetu tuyaweke mbele: kipokezi ni kizuri na kinastahili bei yake, na programu ni bora kuliko nyingine zote tunazozijua kwa kazi hii, lakini hatua za mwanzo za kuipanga hazimhurumii mgeni. Wengi huiacha wakidhani antena ni mbovu, kumbe kuna mpangilio mmoja haukubadilishwa. Tutaufikia.

Kwanza, kwa nini vipokezi viwili tu, vile vilivyomo ndani ya kijiti hiki cha USB. Kituo cha runinga ya dijitali hakina masafa yake peke yake. Vituo kumi, kumi na tano au zaidi hufungwa pamoja katika mkondo mmoja, multipleksi, na mkondo huo hurushwa kwenye chaneli moja ya UHF yenye upana wa MHz 8. Kenya kuna warushaji wachache tu wa mikondo hiyo, wakiwemo Signet iliyo chini ya KBC, PANG, na ADN iliyoundwa na Royal Media, Nation na Standard. King'amuzi huupokea mkondo mzima, kikachomoa kituo kimoja na kutupa vingine. Tvheadend haitupi. Kipokezi kimoja kikishafungua multipleksi, unaweza kurekodi vituo vitano vya ndani yake kwa wakati mmoja na kutazama cha sita sebuleni. Kwa hiyo vipokezi viwili havimaanishi vituo viwili; vinamaanisha multipleksi mbili nzima. Kwa nyumba nyingi hiyo ni karibu kila kituo cha bure kinachofika mtaani.

Kazi yenyewe ni nyepesi kwa kompyuta. Picha inafika ikiwa imeshabanwa, na programu inaiandika kwenye diski jinsi ilivyo. Kompyuta ya Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2 inarekodi vituo vingi bila kuhema. Hakuna haja ya kadi ya michoro wala prosesa mpya.

Ununuzi wa kipokezi ndio unaohitaji macho makali. Vijiti vya bei nafuu kabisa vinavyoandikwa "Digital TV" mara nyingi vina chipu ya RTL2832U, na chipu hiyo inafahamu DVB-T pekee. Kenya ilianza majaribio mwaka 2009 kwa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, na viwango hivyo viwili haviingiliani: kijiti cha DVB-T hakitaona hata kituo kimoja, hata ukiwa chini ya mnara. Tafuta maandishi ya T2 kwenye kasha, tena usiishie hapo, kwani vijiti vingine vya T2 vina dereva za Windows tu. Jambo la pili ni kwa wenye ndugu Marekani. WinTV-dualHD inayouzwa kule ina jina lilelile na umbo lilelile, lakini ndani ni ATSC, mfumo wa Amerika Kaskazini. Kwetu haina kazi. Ombeni toleo la Ulaya, lililoandikwa DVB-T2, DVB-T na DVB-C.

Ndani ya toleo la Ulaya kuna chipu mbili za Si2168 za kufasiri mawimbi, kila moja na kipokezi chake cha Si2157, na tundu moja la antena linalogawanywa humo humo. Hilo linaondoa kigawanya waya cha nje, ambacho hula takriban dB 3.5 za nguvu ya mawimbi. Kipokezi cha pili kinatambuliwa na Linux kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 4.17, kwa hiyo toleo lolote la Linux la miaka ya karibuni linafaa.

Chomeka kijiti moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye habu isiyo na umeme wake. Kipande kifupi cha waya wa USB wa kuongezea urefu ni wazo zuri, kwa sababu waya wa antena ni mzito na uzito wake hulegeza tundu la kompyuta. Kisha fungua teminali uandike lsusb. Utafute 2040:0265 au 2040:8265. Hayo ni matoleo mawili ya kifaa hiki hiki. Halafu ls /dev/dvb inapaswa kuonyesha adapter0 na adapter1.

Kuonekana kwa adapter hizo mbili si hakikisho kwamba mambo yako sawa, na hapa ndipo kikwazo cha kwanza kilipo. Chipu ya Si2168 huhitaji kupakiwa fimweya, programu ndogo ya kuiendesha, kila inapoamshwa, na faili lake kwa kawaida haliji na Linux. Andika sudo dmesg | grep si2168 baada ya kujaribu kutafuta vituo. Ukiona "Direct firmware load for dvb-demod-si2168-b40-01.fw failed with error -2", namba hiyo -2 inasema tu kwamba faili halikupatikana. Vijiti vingine vina toleo jipya la chipu na huomba faili lenye d60 badala ya b40; soma jina kama lilivyoandikwa, usikisie. Mkusanyiko wa fimweya wa mradi wa LibreELEC, Linux ndogo ya kuendeshea programu ya kutazamia video iitwayo Kodi, unayo yote mawili. Nakili faili kwenye /lib/firmware, chomoa kijiti, kichomeke tena. Asiyetaka shughuli hii aweke LibreELEC yenyewe kwenye kompyuta: fimweya zimo tayari, na Tvheadend huongezwa kama nyongeza ndani ya Kodi. Hasara yake ni kwamba kompyuta hiyo haitafaa tena kwa shughuli nyingine.

Kwenye Debian au Ubuntu, chukua kifurushi cha Tvheadend kutoka hazina ya mradi wenyewe, tawi la 4.3. Wakati wa kusakinisha utaulizwa jina na nywila ya msimamizi. Ziandike mahali. Zikipotea, sudo dpkg-reconfigure tvheadend inakuruhusu kuweka mpya bila kupoteza mipangilio. Baada ya hapo kila kitu hufanyika kwenye kivinjari, kwa anwani ya kompyuta ile ikifuatwa na :9981.

Sasa mpangilio wenyewe. Programu ina mwongozo wa hatua kwa hatua unaofunguka mara ya kwanza, na pendekezo letu ni kuufunga. Unapofika kwenye orodha ya maeneo, mtu huchagua orodha ya jumla ya "auto-Default", anangoja, na mwishoni anapata vituo sufuri. Sababu ni kwamba masafa ya orodha ile yameandikwa kama DVB-T, na dereva ya Si2168 hutii inachoambiwa: ukiiambia itafute DVB-T, haitajaribu T2 kwa hiari yake. Antena haina kosa, waya hauna kosa.

Njia ya uhakika ni kuyaingiza masafa mwenyewe. Nenda "Configuration", kisha "DVB Inputs". Kwenye "Networks" tengeneza mtandao mmoja wa aina ya DVB-T. Jina hilo linabeba T2 pia, lisikutishe. Kwenye "TV adapters" fungua kipokezi cha kwanza, kiwashe, kipe mtandao huo. Fanya vivyo hivyo kwa cha pili. Wengi husahau cha pili, na siku vipindi viwili vya multipleksi tofauti vinapogongana wanakuta rekodi moja imeshindwa na ujumbe wa "No free adapter".

Kisha "Muxes", yaani multipleksi. Kila chaneli ya UHF ina masafa yake ya katikati, na hesabu yake ni rahisi: zidisha namba ya chaneli kwa 8, ongeza 306, jibu ni MHz. Chaneli ya 21 ni MHz 474, ya 22 ni 482, na ya 48 ni 690. Ongeza kila moja ukiweka "Delivery system" kuwa DVB-T2, masafa kwa hezi kamili, yaani 474000000, upana MHz 8, na vingine vyote viache AUTO. Chaneli 21 hadi 48 ni ishirini na nane. Kazi inachosha lakini hufanywa mara moja tu. Ukitaka njia ya mkato, king'amuzi cha nyumbani au cha jirani huonyesha masafa ya kituo kwenye ukurasa wa nguvu ya mawimbi. Soma pale, ingiza hayo machache, umemaliza.

Multipleksi iliyopatikana huonyesha OK na idadi ya vituo. Isiyokuwepo huonyesha FAIL, na hizo FAIL ni za kawaida, zifute. Kwenye "Services" angalia kama kituo kimefungwa kwa msimbo kabla ya kukipanga. Vifurushi vya kulipia vya antena, GOtv na StarTimes, hutumia masafa haya haya na vitaonekana kwenye orodha kwa majina yao, lakini rekodi yake itakuwa faili lisilotazamika. Seti hii ni ya vituo vya bure. Walio Tanzania, Uganda au Rwanda, ambako pia ni DVB-T2, wafanye ukaguzi huu kabla ya kununua chochote, kwa sababu idadi ya vituo visivyofungwa hutofautiana sana mji kwa mji.

Mwisho wa hatua hii, vigeuze vituo kuwa chaneli kwa kitufe cha "Map services". Zima pia "Idle scan muxes" kwenye mtandao, la sivyo vipokezi vitazunguka masafa mchana kutwa bila sababu, na kijiti kitakuwa cha moto mkononi.

Kuhusu antena tutakuwa wafupi. Antena ya UHF juu ya paa, waya wa RG6 wa ohm 75, na uelekeo uleule wa antena za majirani wanaopata picha safi. Tvheadend inakupa kipimo ambacho fundi wa paa kwa kawaida hana: fungua "Status", sehemu ya "Stream", uone SNR, yaani uwiano wa mawimbi na kelele, kwa dB huku mwenzako akizungusha antena. Fuata SNR, si nguvu ya mawimbi. Nguvu inaweza kuwa kubwa na mawimbi yakawa machafu. Kwa utumaji wa 256QAM (namna ya kupakia data kwenye mawimbi), SNR ikikaribia dB 20 picha huanza kupasuka, kwa hiyo lenga 25 na zaidi. Aliye karibu na mnara aondoe kikuza mawimbi, maana kipokezi kikizidiwa hutoa dalili zilezile za mawimbi hafifu. Safu ya makosa ya mwendelezo kwenye ukurasa huohuo ikipanda machache wakati rekodi inaanza, puuza. Ikiendelea kupanda kila sekunde chache, rekodi itakuwa na mikato.

Sehemu ya kurekodi ndiyo inayotufanya tuisifu programu hii bila kusita. Nafasi ya diski inakadirika kirahisi: zidisha kasi ya kituo (Mb/s) kwa 0.45, upate GB kwa saa. Kituo cha SD (picha ya kawaida) cha Mb/s 2 kinakula GB 0.9 kwa saa, kwa hiyo diski ya GB 500 inabeba saa zaidi ya 500. Cha HD cha Mb/s 5 kinakula GB 2.25. Kasi halisi ya kila kituo huonekana kwenye "Status" kinapotazamwa.

Liachie faili umbo la "pass", yaani mkondo wa MPEG-TS kama ulivyorushwa. Kuna sababu ya kimazingira: umeme. MPEG-TS ikikatwa katikati, chote kilichoandikwa hadi sekunde ile hutazamika. MP4 iliyokatwa kabla ya kufungwa haifunguki, kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni. Kwa sababu hiyohiyo ingia kwenye BIOS ya kompyuta uweke kwamba umeme ukirudi ijiwashe yenyewe. Hata UPS ndogo hukwisha chaji, na kompyuta iliyobaki imezimwa hairekodi chochote.

Diski iwe na mfumo wa faili wa ext4. Programu hufanya kazi kama mtumiaji anayeitwa hts, na ukielekeza rekodi kwenye folda iliyo ndani ya /home yako itashindwa, kwa kuwa hts haruhusiwi kuingia humo. Kwa diski ya nje, ipachike /mnt/rekodi kupitia /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kupachikwa, ukiweka nofail ili kompyuta iwake hata diski isipokuwepo, kisha ndani ya diski yenyewe tengeneza folda, kwa mfano /mnt/rekodi/tv, uimilikishe hts kwa sudo chown hts:video /mnt/rekodi/tv. Mpangilio huu wa folda ndani ya diski si urembo. Siku diski ya nje isipopachikwa, folda ile haitakuwepo na hts hana ruhusa ya kuiunda, kwa hiyo rekodi itashindwa waziwazi. Ukielekeza kwenye /mnt/rekodi yenyewe na ukaimilikisha hts kabla ya diski kupachikwa, siku isipopachikwa programu itaandika kimyakimya kwenye diski ya mfumo mpaka ijae, na kompyuta nzima itakwama. Weka pia kiwango cha nafasi ya kubaki wazi kwenye wasifu wa kurekodi, GB 10 kwa mfano, pamoja na muda wa kutunza rekodi.

Ratiba. Kituo kinachotuma ratiba ya vipindi hewani huonekana kwenye EPG, yaani mwongozo wa vipindi, na unaweza kuagiza kipindi chake kirekodiwe kila kinapotokea. Kisanduku cha jina hapo ni usemi wa kutafutia, si jina tupu: ukiandika Habari, utarekodi kila kipindi chenye neno hilo popote kwenye jina. Andika ^Habari$ ukitaka jina hilo pekee. Vituo visivyotuma ratiba, au vinavyotuma ya kubahatisha, virekodi kwa saa kupitia "Timers". Na hapo angalia saa: habari za Kiswahili za saa moja usiku ziingizwe 19:00. Hakikisha kwa timedatectl kwamba ukanda ni Africa/Nairobi na saa inasawazishwa kwa intaneti. Kompyuta kuukuu yenye betri ya CMOS iliyokufa huamka na tarehe ya miaka iliyopita kila umeme unapokatika, na ratiba yote inavurugika.

Vipindi vya kwetu havishiki dakika. Tunaweka dakika 5 kabla na 15 baada ya muda uliotangazwa. Ziada hiyo haina gharama ila nafasi ya diski vipindi vinapokuwa kwenye multipleksi moja. Vikiwa kwenye tatu tofauti, ziada ya kipindi cha kwanza inaweza kushikilia kipokezi ambacho cha tatu kinakihitaji. Ukiona migongano, punguza ziada ya vituo vya multipleksi ile yenye vituo vichache.

Kutazama ni sehemu ya raha. Kodi yenye nyongeza ya Tvheadend HTSP hutumia mlango 9982 na huleta vituo, ratiba na rekodi kwenye skrini moja, kwa kasi nzuri ya kubadilisha kituo. VLC hufungua anwani ya :9981/playlist. Ukiona picha yenye mistari kama meno ya kitana kwenye mwendo, washa "Deinterlace". Rekodi yenyewe ni faili la .ts la kawaida, unaweza kulihamishia simu au kompyuta yoyote.

Kasoro za seti hii zipo. Menyu za Tvheadend zimejaa maneno ya kihandisi, na mipangilio mingi hujificha mpaka upandishe kiwango cha mwonekano kuwa "Advanced" au "Expert". Bei ya WinTV-dualHD ni mara kadhaa ya kijiti cha kawaida. Umeme nao uhesabiwe: kompyuta ya mezani inayotumia wati 40 usiku na mchana inamaliza uniti 28.8 kwa siku 30. Anayetaka kupunguza gharama hiyo ahamie Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, ambayo kijiti hiki hufanya nayo kazi vizuri, mradi rekodi ziende kwenye diski ya USB na si kwenye kadi ya SD, ambayo huchakaa kwa uandishi wa mfululizo. Kuna pia Raspberry Pi TV HAT yenye chipu ya Sony CXD2880, inayopokea DVB-T2 na kukaa juu ya Pi bila USB. Ni nafuu na imetulia, lakini ina kipokezi kimoja, yaani multipleksi moja kwa wakati. Anayefuatilia vituo vya mrushaji mmoja tu haitamnyima kitu.

Asiyetaka Linux kabisa atumie programu ya NextPVR kwenye Windows, na kijiti hikihiki. Itamfaa kwa kurekodi na kutazama kwenye kompyuta moja. Akitaka kugawa vituo kwa runinga na simu za nyumba nzima, usanidi wa jioni moja kwenye Tvheadend unamlipa zaidi.